Wajumbe maalumu wa amani: Kilichofaulu Nairobi kilikwamaje Burundi?

Na Mwandishi Wetu

MJUMBE hauawi, husema Waswahili. Lakini Septemba 17, 1948, mjini Jerusalem, wanamgambo wa kundi la Kiyahudi la Lehi waliusimamisha msafara wa Folke Bernadotte, raia wa Sweden aliyekuwa msuluhishi wa Umoja wa Mataifa katika mgogoro wa Palestina, wakampiga risasi na kumuua.

Kazi yake ilichukuliwa na msaidizi wake, Mmarekani Ralph Bunche. Mwaka 1949 Bunche alifanikisha mikataba ya kusimamisha mapigano baina ya Israel na majirani zake wanne, na mwaka uliofuata alitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Huo ndio mwanzo wa kazi ya mjumbe wa amani kama dunia ya leo inavyoijua: mmoja aliuawa, mwingine akapewa nishani, ndani ya mgogoro uleule.

Bara letu nalo limepoteza wajumbe. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alifariki dunia Septemba 18, 1961 baada ya ndege yake kuanguka karibu na Ndola, akiwa njiani kukutana na Moise Tshombe wa Katanga. Alioune Blondin Beye wa Mali, aliyekuwa mwakilishi wa Umoja wa Mataifa nchini Angola, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Abidjan Juni 26, 1998. Hayati Mwalimu Julius Nyerere alifariki dunia London, Oktoba 14, 1999, akiwa bado hajaukamilisha usuluhishi wa Burundi.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama kazi hii inayogharimu maisha ya watu wazito namna hiyo huleta matunda yoyote. Jibu jepesi halipo. Ila upo mfano mmoja unaofaa kuangaliwa kwa makini, nao ni wa Rais Mstaafu wa Tanzania, hayati Benjamin Mkapa. Mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa watu watatu walioizuia Kenya isitumbukie shimoni, na kazi hiyo ikakamilika katika muda wa wiki chache. Mwaka 2016 alikabidhiwa Burundi, akahangaika nayo kwa takriban miaka mitatu, akarudisha jalada likiwa halina mkataba.

Mtu ni yuleyule, mwenye hekima ileile na heshima ileile. Kilichobadilika ni nini?

Majina na madaraka

Kwanza tuweke sawa majina, maana magazeti yetu, likiwamo hili, huyachanganya.

Balozi wa kawaida hukaa katika nchi moja na kushughulikia mambo yote baina ya nchi yake na nchi hiyo, kuanzia biashara hadi viza. Mjumbe maalumu hutumwa kwa jambo moja. Jambo hilo likiisha, au likishindikana, cheo chake nacho huisha. Ndiyo maana wengi wao ni viongozi wastaafu: hawana jimbo la kutetea wala uchaguzi wa kuwania, na marais walio madarakani huwapokea simu.

Mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ni mtu mwingine. Huyo huishi palepale penye mgogoro na mara nyingi huongoza ujumbe mzima wenye askari, polisi na watumishi wa kiraia, kama ilivyo kwa MONUSCO huko Kongo.

Msuluhishi hupewa nafasi ya kuweka mezani mapendekezo yake mwenyewe. Mwezeshaji, kwa maana kali ya neno hilo, hualika, huendesha vikao na huandika walichokubaliana wahusika. Katika mgogoro wa Burundi ulioanza mwaka 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na wote wawili: Rais Yoweri Museveni wa Uganda akiwa msuluhishi, na Mkapa akiwa mwezeshaji chini yake.

Kisha wapo wajumbe wa mataifa makubwa, kama Seneta John Danforth aliyeteuliwa na Rais George W. Bush kuhusu Sudan mwaka 2001, au Russ Feingold aliyetumwa na Rais Barack Obama katika Maziwa Makuu mwaka 2013. Hawa wasidhaniwe kuwa waamuzi wasio na upande. Wanabeba maslahi ya aliyewatuma, na wahusika wanalijua hilo. Mara nyingine ndiyo faida yao, kwa kuwa anayesikilizwa zaidi ni yule anayeweza kutoa au kunyima kitu.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi yenyewe. Mjumbe hana jeshi, hana mahakama, hana hazina. Wasomaji wa mijini wanamfahamu vizuri mjumbe wa nyumba kumi, ambaye mitaani huitwa pia balozi. Akiamua ugomvi wa wapangaji wawili, hawatii kwa sababu ana pingu. Wanatii kwa sababu wanajua kwamba wakimdharau, shauri litakwenda kwa mtendaji, na kutoka hapo kituo cha polisi. Nguvu yake ni ya kuazima. Ya mjumbe wa kimataifa nayo ni ya kuazima, tofauti ikiwa tu kwamba anaowaazima ni marais.

Usiku wa Bujumbura

Burundi ndiyo nchi inayofaa kuanzia, kwa kuwa imepitiwa na takriban kila aina ya mjumbe.

Oktoba 21, 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa miezi michache tu kabla katika uchaguzi wa kwanza wa kidemokrasia, aliuawa na wanajeshi. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alimtuma Bujumbura mwanadiplomasia wa Mauritania, Ahmedou Ould-Abdallah. Usiku wa Aprili 6, 1994 ndege iliyowabeba Rais Juvenal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa Kigali. Nchi mbili zenye makabila yaleyale na chuki zinazofanana zilipoteza marais wake kwa pigo moja.

Rwanda ikawaka usiku uleule. Bujumbura, Ould-Abdallah aliwakusanya haraka Spika wa Bunge, Sylvestre Ntibantunganya, pamoja na wakuu wa jeshi, akahakikisha wanajitokeza pamoja mbele ya vyombo vya habari kutangaza msiba na kuwataka wananchi watulie. Burundi haikupona vita yake, iliyokwisha kuanza, lakini usiku ule haikufuata njia ya Rwanda. Ni mfano adimu wa mjumbe aliyefanya kazi kwa saa badala ya miaka, naye aliweza kwa sababu alikuwa pale, anawajua wahusika kwa sura na namba zao za simu anazo.

Mwalimu Nyerere aliingia mwaka 1996. Alianza na mikutano ya Mwanza baina ya vyama vikuu viwili, FRODEBU na UPRONA. Julai 25 mwaka huo Meja Pierre Buyoya akapindua serikali. Siku chache baadaye viongozi wa nchi jirani, wakikutana Arusha, waliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi.

Vikwazo hivyo bado vinabishaniwa. Vilimuumiza mwananchi wa kawaida kuliko jenerali, na walanguzi wa mafuta walineemeka. Upande wa Buyoya ulimwona Mwalimu kuwa ana upande, na mwaka 1997 serikali hiyo iligoma kuja Arusha. Pamoja na yote, mipaka iliyofungwa ilimwonyesha Buyoya kwamba Tanzania, Kenya, Uganda na wengine walikuwa wanasema kauli moja. Juni 1998 mazungumzo ya vyama vyote yalianza Arusha. Vikwazo vilisitishwa Januari 1999.

Mwalimu aligawa kazi katika kamati tano: asili ya mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi mpya wa nchi, na dhamana ya utekelezaji. Wapo waliolalamika kwamba anakwenda polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza, lakini ukiusoma mkataba wa mwisho utazikuta kamati hizo ndani yake, sura kwa sura. Kosa lake, na hapa mwandishi huyu anakubaliana na wakosoaji, lilikuwa kuyaacha nje makundi yenye bunduki. Kundi la CNDD-FDD lilikuwa limejitenga na CNDD ya Leonard Nyangoma. Mwalimu hakutaka kila anayejitenga azawadiwe kiti, kwa hofu ya kuzaa makundi mengine. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki yake. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa kwamba waliokaa Arusha hawakuwa wanapigana, na waliokuwa wanapigana hawakukaa Arusha.

Nelson Mandela, aliyepewa kazi hiyo Desemba 1999, alikuja na mtindo mwingine kabisa. Aliwakemea wanasiasa wa Burundi hadharani, alidai kufungwa kwa kambi ambamo serikali ilikuwa imewakusanya raia kwa nguvu, na aliwafungulia waasi mlango. Alitumia pia jina lake kuwaleta wakubwa wa dunia: Agosti 28, 2000, mkataba ulipotiwa saini Arusha, Rais Bill Clinton wa Marekani alikuwapo ukumbini. Vyama kadhaa vilikuwa bado vinasitasita siku ile na vilisaini wiki zilizofuata.

Mwezi mmoja kabla ya hapo wanawake wa Burundi walikutana Arusha wakaandaa mapendekezo yao wenyewe, kwa kuwa katika meza kuu walikuwa wakitazamwa kama wageni. Mengi yaliingia katika mkataba. Jambo hilo halitajwi sana katika simulizi za Arusha, ambazo kwa kawaida ni simulizi za wazee wawili mashuhuri.

Amani yenyewe ilichelewa. Kikosi cha Afrika Kusini cha askari wapatao 700 kilikwenda Bujumbura mwaka 2001 kuwalinda wanasiasa waliokuwa wanarudi kutoka uhamishoni. Jacob Zuma alirithi usuluhishi, na Novemba 16, 2003, jijini Dar es Salaam, CNDD-FDD ya Pierre Nkurunziza ilitia saini. Kundi la mwisho, FNL, lilisaini kusitisha mapigano Septemba 2006, pia Dar es Salaam, mbele ya mwezeshaji Charles Nqakula. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 300,000 walikuwa wamekufa tangu 1993.

Hesabu ni ya kusikitisha: kutoka Mwanza hadi FNL ni miaka kumi na wasuluhishi wanne. Lakini katika miaka hiyo yote kilikuwapo kitu kimoja kisichobadilika. Meza ilikuwa moja, na marais wa kanda waliokuwa nyuma yake walikutana mara kwa mara kuishikilia isipinduke.

Siku 37 za Nairobi

Kenya ilikuwa mbio za masafa mafupi. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007 yalitangazwa siku tatu baadaye na nchi ikalipuka. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao.

Wageni wenye nia njema walimiminika. Alikuja Askofu Desmond Tutu. Alikuja Jendayi Frazer wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Walikuja marais wastaafu wanne, Mkapa, Joaquim Chissano, Ketumile Masire na Kenneth Kaunda. Alikuja Rais John Kufuor wa Ghana, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, naye akaondoka bila kuwakutanisha mahasimu, ila akiwa amekubaliana nao kwamba kazi ataachiwa Kofi Annan na jopo la Waafrika mashuhuri.

Annan aliwasili Nairobi Januari 22, 2008, na pamoja naye katika jopo walikuwa Graça Machel na Mkapa. Sharti lake la kwanza halikuwaelekea Kibaki wala Raila. Liliwaelekea wasuluhishi wenzake wa dunia nzima: njia ya mazungumzo iwe moja, na kila mwenye ushawishi aupitishe humo. Marekani, Umoja wa Ulaya, Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika walikubali. Condoleezza Rice alipokuja Nairobi Februari 18, hakuja na mpango mbadala. Alikuja kusukuma nyuma ya Annan.

Jopo halikukaa hotelini tu. Katika siku za mwanzo lilikwenda Bonde la Ufa kuwaona waliochomewa nyumba. Kisha ajenda nne zikakubaliwa: kusimamisha ghasia, kuwasaidia waathirika, kutatua mgogoro wa kisiasa, na kushughulikia mizizi ya muda mrefu kama ardhi na katiba. Ajenda ziliwekwa kwa mpangilio huo makusudi, nyepesi zikitangulia, ili wajumbe wa pande mbili waliokuwa hawatazamani usoni wapate kuzoea kukubaliana juu ya kitu fulani kabla ya kufika penye miiba.

Hata hivyo jopo halikupata kila lilichotaka. Cyril Ramaphosa alipendekezwa kuwa mwendeshaji mkuu wa majadiliano, upande wa Kibaki ukamkataa, naye akarudi kwao. Annan hakuligeuza hilo kuwa ugomvi.

Miiba ilikuwa madaraka ya waziri mkuu. Wajumbe wakapelekwa Kilaguni, ndani ya hifadhi ya Tsavo, mbali na kamera na simu za wapambe. Huko waziri mdogo wa Ujerumani, Gernot Erler, aliwaeleza jinsi vyama viwili vikuu vya kwao vilivyoweza kutawala pamoja. Bado wakakwama. Februari 26 Annan alisimamisha vikao vya wajumbe hao na kuwafuata wakubwa wenyewe.

Siku mbili baadaye, Februari 28, watu watano walijifungia chumbani: Kibaki, Raila, Annan, Mkapa na Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa amechukua uenyekiti wa Umoja wa Afrika mwishoni mwa Januari. Kikwete alikuwa na kitu ambacho Annan hakuwa nacho. Ni rais aliye madarakani, anatoka nchi jirani, na nchini mwake rais na waziri mkuu hukaa pamoja bila nyumba kuanguka. Jioni ile, mbele ya jengo la Harambee, mkataba ulitiwa saini. Zilikuwa zimepita siku 37 tangu Annan atue.

Mkataba huo uliwapa madaraka waliokuwa wanagombana huku waliopoteza ndugu wakisubiri haki ambayo wengi wao hawakuiona. Lawama hiyo ni ya kweli. Lakini ulifungua pia njia ya katiba mpya iliyopitishwa katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010.

Jenerali aliyeachia kalamu

Kabla ya kurudi Burundi, inafaa kumtaja Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, mjumbe wa IGAD katika vita ya Sudan Kusini tangu 2001. Itifaki ya Machakos ya Julai 20, 2002, iliyowapa Wasudani wa Kusini haki ya kupiga kura ya kujitawala, ilipatikana chini yake. Mwaka uliofuata alitayarisha mjini Nakuru rasimu ya kumaliza yaliyobaki, na Khartoum ikaikataa kwa maneno makali.

Mtu mwenye majivuno angeshikilia rasimu yake. Sumbeiywo hakufanya hivyo. Septemba 2003 makamu wa rais wa Sudan, Ali Osman Taha, na kiongozi wa SPLM, John Garang, walianza kuonana wao kwa wao Naivasha, na jenerali akasogea kando akibaki mlinzi wa utaratibu. Marekani, Uingereza na Norway zilikuwa nyuma ya meza hiyo hiyo. Mkataba kamili ulisainiwa Nairobi Januari 9, 2005. Darfur, iliyokuwa ikiwaka tangu 2003, haikuwamo, na hilo lilikuja kulipiwa gharama kubwa.

Mkapa na mlango uliofungwa

Turudi sasa kwenye swali letu. Aprili 2015 chama tawala cha Burundi kilimteua Nkurunziza kuwania muhula wa tatu. Maandamano yakazuka, na Mei 13, wakati viongozi wa kanda wakiwa Dar es Salaam kuujadili mgogoro huo huo, kundi la wanajeshi lilijaribu kupindua serikali likashindwa. Julai Museveni aliteuliwa msuluhishi. Rais mwenye nchi ya kuendesha na uchaguzi wake mwenyewe mwanzoni mwa mwaka uliofuata hawezi kukaa Arusha wiki tatu kusikiliza malalamiko, na Machi 2016 wakuu wa Jumuiya wakamwita Mkapa.

Tangu mwanzo serikali ilisema haitakaa na watu iliowatuhumu kwa jaribio la mapinduzi, na hao ndio waliokuwa sehemu kubwa ya upinzani uliokuwa uhamishoni. Kwa hiyo Mkapa alikuwa akikutana na chumba hiki, kisha chumba kile. Desemba 2016, akiwa Bujumbura, alitamka kwamba kuuhoji uhalali wa serikali iliyokwisha kuchaguliwa hakukuwa na maana. Pengine alitaka kuilainisha serikali ije mezani. Alichopata ni upinzani kudai aondolewe, na serikali haikulainika.

Tazama sasa ni nani walikuwa nyuma yake. Mwaka 1996 majirani walifunga mipaka. Mwaka 2016 hawakukubaliana hata juu ya lugha ya tamko. Burundi na Rwanda zilikuwa zinatuhumiana, zote zikiwa wanachama wa Jumuiya ileile iliyomtuma Mkapa. Umoja wa Afrika ulitangaza Desemba 2015 kwamba ungepeleka askari 5,000, Bujumbura ikakataa, na mwezi uliofuata wakuu wa nchi wakaurudisha mpango huo kabatini. Umoja wa Ulaya ulikata misaada yake ya moja kwa moja kwa serikali, lakini Ulaya iko mbali na bandari ya Dar es Salaam haikufungwa.

Mahasimu husoma mambo haya haraka kuliko wanadiplomasia. Mei 2018 Burundi ilifanya kura ya maoni kubadili katiba huku mazungumzo yakiwa yamesimama. Oktoba mwaka huo Mkapa aliitisha kikao cha mwisho Arusha, na serikali haikuja. Mapema mwaka 2019 aliwakabidhi wakuu wa Jumuiya ripoti yake. Alifariki dunia Julai 24, 2020.

Mkapa wa Nairobi alikuwa na Annan kando yake, Rice nyuma yake, na rais wa nchi jirani chumbani. Mkapa wa Arusha alikuwa na barua ya uteuzi.

Waliolipia ni wengine. Katika kilele cha mgogoro huo Warundi zaidi ya 400,000 walikuwa wakimbizi katika nchi jirani, zaidi ya nusu yao hapa Tanzania, katika kambi za Nduta, Mtendeli na Nyarugusu mkoani Kigoma. Baadhi walikuwa wanakimbia kwa mara ya pili au ya tatu katika maisha yao.

Meza nyingi, mjumbe kwa mjumbe

Kama upweke ulimkwamisha Mkapa, Kongo imekwamishwa na wingi.

Historia ya wajumbe wa Kongo ni ndefu. Ketumile Masire alifungiwa ofisi yake Kinshasa mwaka 2000 na serikali ya Laurent Kabila, na Moustapha Niasse wa Senegal ndiye aliyekuja kusaidia kukamilisha mkataba wa Pretoria wa Desemba 17, 2002. Mwaka 2008 Olusegun Obasanjo na Mkapa, kwa mara nyingine, walitumwa kwa ajili ya uasi wa Laurent Nkunda. Makubaliano na kundi lake la CNDP yalitiwa saini Machi 23, 2009, na tarehe hiyo ndiyo iliyozaa jina la M23, waasi waliodai kuwa ahadi za siku ile hazikutekelezwa.

Mwaka 2013 ulikuwa na mpangilio. Nchi kumi na moja zilisaini mkataba wa Addis Ababa Februari 24, Mary Robinson akateuliwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa, na wajumbe wa Marekani, Umoja wa Ulaya na Umoja wa Afrika wakawa wanasafiri na kuzungumza pamoja naye. Wakati huo huo kikosi maalumu cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kilikuwa uwanjani. Novemba M23 walishindwa. Kisha macho ya dunia yakahamia kwingine, ahadi za Nairobi za Desemba 12 zikalala, na mwishoni mwa 2021 kundi likarudi.

Safari hii meza zilikuwa mbili tangu mwanzo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimpa Rais Mstaafu Uhuru Kenyatta jukumu la kukutanisha Kinshasa na makundi ya waasi, Nairobi, mwaka 2022, lakini Kinshasa haikuwataka M23 ukumbini. Umoja wa Afrika ulimpa Rais João Lourenço wa Angola jukumu la Kinshasa na Kigali, Luanda. Kigali ikisema Kinshasa izungumze na M23, Kinshasa ilijibu kwamba hilo ni la Nairobi. Nairobi ikilalama kuhusu askari wa Rwanda, jibu lilikuwa kwamba hilo ni la Luanda. Mkutano wa Luanda wa Desemba 15, 2024 ulivunjika kabla ya kufanyika. Wiki sita baadaye Goma ilikuwa mikononi mwa M23.

Februari 8, 2025 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC walikutana Dar es Salaam na kuamua meza hizo ziunganishwe. Kufikia mwisho wa Machi walikuwa na jopo la wawezeshaji watano: Obasanjo, Uhuru, Kgalema Motlanthe, Catherine Samba-Panza na Sahle-Work Zewde. Ni majina mazito. Lakini Machi 18 Rais Paul Kagame na Rais Félix Tshisekedi walikuwa wameonekana pamoja Doha, mbele ya Amiri wa Qatar, na Lourenço akajiondoa siku chache baadaye. Umoja wa Afrika ukamteua Faure Gnassingbé wa Togo kuziba pengo. Marekani nayo ikamtuma Massad Boulos.

Juni 27 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini mkataba Washington. Julai 19 Kinshasa na M23 walisaini tamko la misingi Doha, na Novemba 15 wakasaini mfumo wa makubaliano, pia Doha. Desemba 4, 2025 Kagame na Tshisekedi wenyewe walikuwa Washington kutia muhuri makubaliano yao.

Siku chache baada ya hafla hiyo M23 waliingia Uvira, mji ulio ng'ambo ya Bujumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Makumi ya maelfu ya wakazi walivuka mpaka wakiwa na watoto na magodoro kuomba hifadhi nchini Burundi.